Vijiko Viwili

"Kila akinywa uji wako anaanguka! Kila akinywa! Haya, nani atasema mimi mwongo?"

Wifi hakuyasema hayo pembeni. Aliyasema katikati ya wodi ya wanaume, asubuhi, saa ya kutazama wagonjwa, begi la nguo likimning'inia begani, na watu waliokuwa wamelala usingizi wa sindano wakafumbua macho ili wasipitwe. Fundi, mshonaji na mke wa mgonjwa, alikuwa amekumbatia chupa ya uji kifuani. Maneno ya wifi yake alikuwa akiyameza tangu siku ya harusi, siku ambayo wifi huyo huyo alilitazama gauni ambalo bibi harusi alijishonea kwa mikono yake mwenyewe, akalizunguka, akasema, "Zuri. Ila limekukimbia mgongoni." Miaka imepita, wajukuu wamezaliwa, Fundi hajasahau. Kichwa chake kilikuwa kama lile sanduku chini ya cherehani yake, ambamo hakitupwi hata kitambaa cha kufunikia kifungo.

Kitandani alikuwa mumewe, dereva wa malori mstaafu. Mjini kote aliitwa Breki, kwa sababu katika kazi yake yote hicho ndicho kifaa alichokitumia kwa nadra. Kiharusi kilimkuta mwaka uliopita. Kilimlegeza mkono na mguu wa kushoto, kikampinda mdomo, kikamwachia koo lisilopitisha kitu kigumu na maneno ya kuhesabika, na hayo maneno yaliyobaki aliyagawa sawasawa kati ya matusi na utani.

Na ni kweli alikuwa anaanguka. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko sauti ya wifi. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi alikuwa akienda vizuri, anashika ukuta, anatembea hadi mlangoni kutukana magari yanayopita. Kisha, bila dalili yoyote, akawa anakunywa uji wake wa asubuhi, na kabla bakuli halijaoshwa jasho linamtoka, macho yanamgeuka, anakwenda chini. Jioni anakuwa mzima. Walipompeleka kliniki, ambayo foleni yake huwafikisha watu kwa daktari jua likiwa limeshainama, mashine ilisema presha iko juu. Daktari akamwongezea dawa. Akaanguka zaidi. Wakarudi, jua likiwa pale pale, presha iko juu. Daktari akaongeza tena. Safari hii alianguka akapiga kichwa kwenye chuma cha cherehani, na ndipo akaletwa wodini na kushonwa kipaji cha uso.

Leo ilikuwa siku yake ya kuruhusiwa, na wifi alikuwa amekuja na begi.

"Nguo zake mpya zimo humu," alisema, akilipiga begi kofi. "Kaka yangu harudi kwenye nyumba ile. Anakuja kwangu, nitampikia mimi, nitamlisha mimi, na anayetaka kumwona atabisha hodi kama mgeni mwingine. Ukoo mzima umeshakubaliana."

"Ukoo mzima ni wewe na simu yako," Fundi alisema hatimaye.

"Na uji ni wewe na nini? Sema! Unamtilia nini?"

Wodi ikatulia kwa namna ambayo wodi haitulii hata mtu anapokata roho. Swali lenyewe sasa lilikuwa limetoka nje, limesimama uchi katikati ya vitanda. Fundi alijua namna neno kama hilo linavyotembea: likishatoka hapa litafika sokoni kabla yake, litaingia kwa wateja wake, litakaa kwenye kila nguo atakayoshona. Na mumewe atakuwa nyumba nyingine, analishwa na mtu mwingine, na yeye ataitwa yule aliyemwekea mumewe kitu kwenye uji.

Daktari alikuwa kitanda cha pili, akiandika. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu, si mtu mbaya, mtu aliyechoka tu. Alitabasamu upande mmoja, akamwambia nesi kwa sauti ya chini, "Hayo ni ya mawifi. Tuendelee."

"Samahani daktari," ilisema sauti nyuma yake. "Mimi ningependa kusikia."

Alikuwa msichana mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Fundi aliliona koti kwanza, akaona mshono wa bega umeshuka hadi kwenye mkono, akamhurumia. Kisha msichana akafanya jambo lililoimaliza huruma yote. Alimpita Fundi, akaenda moja kwa moja kwa wifi.

"Mama, umesema kila akinywa uji. Ni uji tu? Akinywa chai je?"

Wifi mwenyewe alishtuka. Hakuzoea kuulizwa. Alizoea kunyamazishwa. "Chai haimfanyi kitu," alisema. "Wala chakula cha jioni. Nimekaa pale kwao wiki nzima nikitazama. Ni uji wa asubuhi."

"Hukawia kiasi gani kabla hajaanguka?"

"Hakawii. Bakuli huwa halijaoshwa."

"Na wewe ukimpa uji?"

"Mara moja nilimpa mimi, nilioupika mwenyewe, huyu akiwa sokoni. Hakuanguka. Ndiyo maana nasema!"

Msichana akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa njia. Fundi alimtazama, damu ikamchemka. Ndio hao, alijiwazia. Wanasoma, wanavaa meupe, na mwisho wanamwamini mwenye koo kubwa.

"Wewe ni nani?" aliuliza. "Daktari yule pale. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mfamasia, mama."

"Wa dirishani?"

"Wa dirishani. Ila nimetoka nje."

Hapo jirani wa kitanda, mzee mwenye mguu uliofungwa plasta, akacheka peke yake. Kila mtu katika mji ule alilijua dirisha la dawa la hospitali hiyo. Ni kioo kizima kutoka sakafuni hadi darini, na tundu moja, nalo tundu limekatwa chini, usawa wa tumbo. Nani alilipima, na alikuwa akimpima nani, hakuna ajuaye. Mzee mwenye mgongo, mjamzito, mwenye mtoto mgongoni, kila mmoja lazima ainame, aweke sikio kwenye tundu kama anasikiliza ukuta. Kutoka ndani hutoka mkono. Mkono una bahasha. Nyuma ya mkono hutoka neno moja au mawili, na kabla hujauliza, "Anayefuata!" Fundi alikuwa ameinama kwenye tundu lile tangu mama yake yu hai. Alimwona mama yake akiinama pale, akitoka na bahasha, akiigeuza na kuigeuza barabarani kama barua ya lugha ya watu. Waliobadilika walikuwa wakubwa wa hospitali, mmoja baada ya mwingine. Mara moja ukuta ulipakwa rangi kwa ajili ya ugeni uliokuja kukagua, na tundu likawekewa kipazia. Fundi ndiye aliyeshona kile kipazia. Alimwambia mkubwa wa siku hiyo, "Pandisheni tundu, siyo kulivisha," na yule mkubwa akacheka akasema huyu mama ana maneno.

"Mmetoka lini?" aliuliza sasa.

"Mwaka huu. Tuliomba sana. Niko mmoja kwa wodi zote." Mfamasia hakusema zaidi juu ya hilo. "Mama, naomba kitu. Mwandalie uji wake kama siku zote. Kila kitu kama siku zote. Ila usimpe kwanza."

"Ili mnione ninavyotia sumu?"

"Ili nione. Basi."

Fundi alitaka kumwaga uji ule sakafuni aende zake. Lakini aende wapi, na mumewe yuko hapa? Akaketi ukingoni mwa kitanda kwa hasira, akafungua chupa, akamimina uji kwenye bakuli mbele ya macho yote ya wodi. Akauonja yeye mwenyewe kwanza, kijiko kizima, akaumeza huku akimtazama wifi. Kisha akatoa bahasha ya dawa. Akaweka kidonge chekundu ndani ya kijiko kimoja. Akakifunika kwa kijiko cha pili, tumbo juu ya tumbo, akakandamiza kwa dole gumba lile lile lililokunja kola za shati za mji mzima, akazungusha, akakandamiza tena. Kikalia. Alipofunua, palikuwa na unga wa rangi ya waridi, laini, hauna chembe.

"Hata mashine haisagi hivi," alisema, na ndani ya hasira yake kulikuwa na fahari kidogo. "Hawezi kumeza kigumu. Kidogo kikikwama koo linamfunga, anakohoa hadi macho yanatoka. Basi namsagia. Sijawahi kuruka, ila ile asubuhi ya sokoni."

Akainua kijiko kuelekea bakuli. Mfamasia akamshika mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Subiri, mama."

Yule msichana alikuwa amebadilika uso. Hakuwa na uso wa mtu aliyemkamata mwizi. Alikuwa kama mtu aliyeona mtoto karibu na kisima.

"Nani alikufundisha kusaga?"

"Ninyi!" Fundi alishangaa. "Wodi hii hii. Siku anatoka baada ya kiharusi, nesi aliniita akaniambia, mama, huyu hawezi kumeza, dawa zake uwe unamsagia. Akanionyesha kwa vijiko. Vijiko viwili."

"Na vidonge vilikuwa hivi?"

"Vilikuwa vyeupe. Baadaye vikaja hivi vyekundu. Niliuliza. Niliinama pale kwenye tundu lenu nikauliza, mbona vimebadilika? Sauti ikaniambia, 'Ni dawa ya presha hiyo hiyo, mama. Anayefuata!' Nikataka kuuliza tena, wa nyuma akanisukuma."

"Na kuanguka kulianza lini? Vikiwa vyeupe, au vilipokuja vyekundu?"

Fundi alifungua mdomo ili ajibu. Ukabaki wazi. Yeye, asiyesahau kitu, aliirudisha miezi nyuma mmoja mmoja, akakiona kila kipande mahali pake, na hakuna aliyemwambia kamwe avishone pamoja.

"Vyekundu," alisema.

Mfamasia akachuchumaa ili macho yake yawe chini ya macho ya Fundi. Akaongea polepole, lakini si kwa siri. Wodi nzima ilisikia.

"Kile cheupe ni kidonge cha kawaida. Ukikisaga ni sawa. Hiki chekundu kimetengenezwa namna nyingine. Kinamezwa kizima, kikae tumboni, kitoe dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Hilo ganda lake ndilo linalozuia. Ukilivunja, dawa yote ya kutwa inaingia mwilini kwa mara moja. Presha inaporomoka, anaanguka. Jioni dawa imekwisha, presha inapanda tena. Na jioni ndipo kliniki inampima."

Daktari alikuwa ameacha kuandika. "Na mimi nikaongeza," alisema, si kwa mtu yeyote. Akavuta kiti, akakaa. Wagonjwa hawakuwahi kumwona daktari yule amekaa.

Kutoka kitandani, Breki alitoa sauti. Wakageuka. Mdomo ulimhangaisha, kisha ukakubali.

"Mafuta yote... injini moja... mara moja," alisema. Akamtazama mkewe, jicho lake zima likicheka. "Fundi. Umeniunguza... gasketi."

Jirani wa plasta akapiga kitanda ngumi kwa kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa akivitazama vijiko mkononi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Nilisema!" Wifi aliruka. "Nilisema nikaitwa mchawi, nikaitwa mmbea! Ni uji! Ni uji wake!"

"Ulisema kweli, mama," mfamasia alimjibu, na wifi akakosa pa kuegemea, maana alikuwa amejiandaa kubishiwa. "Bila wewe nisingejua. Sisi tuliandika presha yake, tukaandika dozi yake, hakuna aliyetazama kinachoingia mdomoni. Wewe ulitazama. Lakini ulikosea kitu kimoja."

"Kipi?"

"Uliyemtafuta. Huyu mama alifanya alichofundishwa na hospitali. Hospitali ikabadilisha kidonge, na alipouliza, ikamjibu 'anayefuata'. Dirisha lile ni letu. Kosa ni letu, nami nitaliandika hivyo hivyo, na mkubwa wangu atalisoma."

Nesi akatazama sakafu. Daktari akasema taratibu, "Andika na langu."

Lakini wifi hakuwa mtu wa kukunja begi kwa urahisi hivyo. "Sawa. Hakukusudia. Nimesikia. Lakini mkono ni wake, na kaka yangu ana mshono usoni. Mimi nakwenda naye."

"Kwako atamezaje dawa?" mfamasia aliuliza.

"Atameza. Nitam..." Wifi akasimama hapo. Alimtazama kaka yake, akalitazama lile koo ambalo alikuwa amelisikia likikohoa wiki nzima. Begi likamteleza begani, akalishika. Alikuwa na kelele, lakini hakuwa mwongo. Hata Fundi hajawahi kumwita hivyo.

"Ningesaga," alisema. "Ningetwanga kwenye kinu kabisa."

Hapo wifi akaona mahali alipokuwa akielekea na begi lake: nyumbani kwake, asubuhi, kaka yake sakafuni, na safari hii hakuna mtu mwingine wa kumnyooshea kidole.

"Mbona hamumuulizi mwenyewe?" jirani wa plasta alisema. "Mnagombea lori, dereva yumo ndani."

Mfamasia akamgeukia Breki. "Baba, ungependa kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa dada yako au kwa mkeo?"

Breki alihangaika kwa muda. Neno lilikuwa refu. "Kwenye... cherehani," alisema. "Bila ile kelele... silali."

Hakuruhusiwa siku ile. Daktari alisema hatoki mpaka wamwone asubuhi kadhaa amesimama. Akafuta dawa ya zamani, wakashauriana na mfamasia wakichungulia faili moja kama watu wanaosoma gazeti moja, akaandika nyingine. Mfamasia hakumtuma mtu. Alishuka mwenyewe stoo, akarudi na vidonge vyeupe, akaandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: HIKI KINASAGWA. Vile vyekundu alivichukua vyote, akavitia mfukoni mwa lile koti kubwa.

Alipokuwa akiondoka Fundi alimfuata hadi mlangoni.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Siku ile nilikuwa kwenye foleni. Mbele yangu watu, nyuma yangu watu. Wote walipewa hivi vyekundu. Wote wakaambiwa ni ile ile." Sauti yake sasa haikuwa ya kujihurumia. "Wako wapi? Nani anawasagia?"

Mfamasia alisimama. Alionekana mdogo sana pale mlangoni. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana leo sirudi ndani ya kile kioo. Nitasimama huku kwenu, kwenye foleni, niwaulize mmoja mmoja."

"Watakukasirikia wakubwa."

"Watakasirika."

"Basi lete koti hilo siku moja," Fundi alisema. "Nilipunguze mabega. Huwezi kugombana na watu ukiwa umevaa turubai."

Asubuhi iliyofuata wifi alifika kabla ya Fundi. Fundi alipoingia alimkuta amekaa upande wa pili wa kitanda, begi miguuni. Hawakusalimiana, ila Fundi alisogeza stuli kidogo ili miguu ya wifi ipate nafasi. Akamimina uji. Akaitoa bahasha, akasoma maandishi, akayasoma tena. Akaweka kidonge cheupe kwenye kijiko. Kijiko cha pili kikabaki hewani.

Mkono haukwenda. Aliuamuru, haukwenda. Kila alipokitazama kidonge alimwona mumewe akishuka kando ya cherehani, na lile dole gumba lake lilikuwa limekufa ganzi kama si lake.

"Leta," wifi alisema.

Akavinyakua vijiko. Akavibana kama mtu anayeua mdudu. Kidonge kikaruka, kikagonga chuma cha kitanda, kikapotelea kwenye shuka la jirani wa plasta, naye akakitafuta akipapasa huku na huku na kusema kwamba leo presha yake itakuwa nzuri kuliko ya wenyewe. Kikapatikana. Wifi akabana tena, na unga nusu ukamwagikia mapajani.

"Wifi, unamwaga dawa," Fundi alisema.

"Nakuona wewe unayejua umekaa."

"Lete hapa."

Nesi aliwaletea kingine. Fundi akavichukua vijiko, tumbo juu ya tumbo, akakandamiza, akazungusha. Alipofunua, unga ulikuwa mweupe, laini. Akaukoroga kwenye uji, akamnywesha mumewe kidogo kidogo, akimpangusa pembe ya mdomo iliyolegea. Bakuli likaisha. Wifi akalichukua, akaenda kuliosha. Akalisugua kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Aliporudi, Breki alikuwa bado ameketi. Jasho hakuna. Macho yako mahali pake. Wodi nzima ilikuwa ikimtazama kama mpira wa penalti, na mfamasia alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya koti lake.

Breki aliwatazama wote, akachukua muda wake, akafungua mdomo.

"Uji," alisema, "hauna sukari."

Wifi ndiye aliyelia kwanza. Alilia kwa hasira, akijifuta na nguo aliyoichomoa ndani ya begi, moja ya zile mpya. Kisha akaikunjua, akaitazama, akamtupia Fundi mapajani.

"Ipunguze kiuno," alisema. "Amekonda kwa huo uji wako. Na nitakuwa nikija asubuhi. Kuangalia."

"Njoo, wifi," Fundi alisema, akiwa ameshaanza kuukagua mshono. "Ukija, uje na sukari."